Hivi majina ya watoto wa mastaa wanayachagua wao, au magazeti ndo yanawachagulia?

Kisiki cha Mpingo (mleta mada)
Wakuu salaam. Kuna kitu kinanikera siku nyingi. Staa akijifungua, mtoto hajafikisha hata siku mbili, tayari kuna makala ishajua kwanini kaitwa hivyo, jina lina siri gani, limetokana na tarehe gani, na mama wa watu bado yuko kitandani hajasema neno.

Chukua North, binti wa Kim Kardashian na Kanye West, kazaliwa 15 Juni 2013. Kim amekuja kusimulia mwenyewe kwamba jina hilo hawakuwa nalo kabisa. Lilikuwa tetesi ya magazeti, watu wakicheka kwamba akiitwa North na ubini wa West anakuwa kaskazini magharibi. Siku hiyo wako mgahawani wanakula, yule mwanamuziki Pharrell akawafuata kuuliza ni kweli mtoto ataitwa North, maana ni jina kali sana. Akatoka huyo akaja Anna Wintour wa jarida la mitindo la Vogue, nae swali lilelile na sifa zilezile. Wakaishia kulichukua. Halafu mtoto kazaliwa, bibi yake Kris Jenner anaenda kwenye televisheni anaeleza kwamba kaskazini ndo juu, ndo kilele chao wawili. Maana imekuja baada ya jina!

Kwa hiyo mimi nasema hivi, tetesi ndo inazaa jina, wazazi wanafuata nyuma na maana. Nipingeni.

Gongolamboto Finest
Mkuu umeamka na hasira za majina, chai umekunywa lakini? Ngoja nivute kiti.

FundiRedio
Nakupinga. Hiyo ya North ni moja, usiifanye ndo kanuni. Angalia Blue Ivy wa Beyoncé na Jay-Z, pale hakuna tetesi, pale kuna hesabu. Beyoncé kazaliwa tarehe 4 Septemba, Jay-Z tarehe 4 Desemba, ndoa wamefunga tarehe 4 mwezi wa 4 mwaka 2008. Sasa andika nne kwa Kirumi uone, IV. Ukitamka inaanza kufanana na Ivy. Na Blue ni ile albamu ya Jay-Z, The Blueprint ya 2001 ambayo akairudia tena 2002 na 2009. Watu wale hawafanyi kitu bila kupanga.

Kipepeo wa Usambara
@FundiRedio hesabu yako tamu ila baba mwenye mtoto alishasema tofauti. Jay-Z alihojiwa na jarida la Vanity Fair 2013, akasema mwanzoni walikuwa na jina Brooklyn. Walipoenda kupiga picha ya ultrasaundi wakaona mtoto kadogo kama kale katunda ka blueberry, wakawa wanamuita hivyo nyumbani kwa utani, blueberry wetu, blueberry wetu. Baadae wakakata kipande cha mwisho ikabaki Blue. Basi. Ni jina la mimba kama sisi tunavyomuita mtoto Kadogo halafu anakuwa na miaka arobaini anaitwa Kadogo na ana kitambi.

FundiRedio
Sawa Blue nimekuachia. Ivy je? Hiyo hajaieleza kwenye hiyo hadithi ya tunda. Namba nne bado imesimama.

Gongolamboto Finest
Kuna waliosoma jina lake kinyumenyume wakasema ni la shetani. Nawakumbuka kabisa, 2012 zile meseji zilikuwa zinasambazwa kwenye simu, tuma kwa watu kumi.

Wakili Kijana
Mnazunguka tu. Fuateni pesa. Mtoto kazaliwa tarehe 7 Januari 2012, na mwezi ule ule yakaanza maombi ya kusajili jina lake kama alama ya biashara. Kwanza walienda watu baki kabisa, hawana undugu nae, wakakataliwa. Kisha kampuni ya Beyoncé ikaomba. Huko Boston kulikuwa na kampuni ya kupanga sherehe inaitwa Blue Ivy toka 2009, yaani kabla mtoto hajazaliwa, ikapinga. Kesi ikaburuzwa mpaka 2020 ndo pingamizi likatupwa. Miaka minane mnagombania jina la mtoto! Jina la staa siku hizi lazima lisajilike, sasa ukimuita mwanao John utasajili nini hapo? Ndo maana wanatafuta vitu ambavyo hakuna mwingine anavyo.

Kipepeo wa Usambara
Wakili, kwenye mahojiano yaleyale Jay-Z aliulizwa hilo. Alisema walisajili ili mtu mwingine asije akauza vitu kwa jina la mtoto wao, sio wao wauze. Unaweza usimuamini lakini weka na upande wake. Na hoja yako inajipinga yenyewe, kama walitaka jina lisilo na mtu mbona wamechukua ambalo tayari lina kampuni Boston?

Wakili Kijana
Hapo umenibana kidogo. Narudi.

Bibie wa Ng'ambo
Asalaam alaykum. Mimi nawapenda wale pacha wao zaidi, Rumi na Sir, wa Juni 2017. Magazeti yalivyopata yale majina yalivuruga kila kitu. Baba mtu akaja kusema kwenye podikasti mwezi wa nane, Rumi ni mshairi wao wanaempenda, na Sir yeye alitoka tu na haiba ya ubwana wakaona huyu ni Sir. Kwisha.

Lakini kuna kitu magazeti hayakusema na sisi wa pwani tulikiona mara moja. Rumi si jina la yule mshairi. Jina lake Jalaluddin. Rumi ni nisba, ni kama kusema "wa Rumi", kwa vile aliishi Anatolia, nchi iliyokuwa ya Warumi wa mashariki, na amefariki Konya 1273. Ni sawasawa na mtu kuitwa Shirazi kwa sababu asili yake Shiraz. Kwa hiyo binti wa Beyoncé jina lake kwa kweli ni "mtu wa Rumi". Zuri, silikatai, ila utaratibu wake ndo huo.

Mzigua90
Shangazi shikamoo. Na Sir mbona watu walishangaa, sisi mabwana tunao tele. Mwinyi ni cheo, leo ni jina na tumepata na rais. Kuna Bwana Heri wa Saadani aliyepigana na Wajerumani. Hata Saidi maana yake ni bwana.

Bibie wa Ng'ambo
Marahaba mwanangu. Mwinyi sawa, Bwana Heri sawa. Saidi umekosea. Saidi ni mwenye furaha, mwenye bahati njema. Bwana ni Seyyid. Ni maneno mawili mbalimbali, herufi zake za Kiarabu mbalimbali, na mtu mmoja alikuwa nayo yote mawili, Seyyid Said bin Sultan, alieuhamishia utawala wake Unguja. Ukimwita Sir Furaha hujakosea.

Mzigua90
Nimejirekebisha shangazi, ahsante. Hapa nimeishi na babu Saidi miaka yote najua ni bwana.

NyakwarRamogi
Mambo vipi wadau, niko Kisumu. Kisiki naona unasema maana huja baada ya jina, kwetu sisi maana huja kwanza kabisa, kabla mtoto afungue macho. Mvua ikinyesha ni Okoth au Akoth, ukizaliwa usiku ni Otieno ama Atieno, mchana jua likiwaka Ochieng' na Achieng'. Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico City 1983, babake profesa Anyang' Nyong'o alikuwa akifundisha huko, wakampa jina la huko kwa sababu Waluo humwita mtoto kulingana na siku na mahali palivyo. Lupita ni kifupi cha Guadalupe. Alipopata Oscar 2014 waandishi wa nje wakaanza kuuliza, Mkenya anaitwaje Lupita, wengine wakaandika mambo ya kubuni kabisa. Hakuna siri hapo, ni desturi ya Mjaluo imevaa nguo ya Mexico.

Na Obama vilevile. Wakati wa kampeni ya 2008 nilisoma Barack ni Kiswahili, Barack ni Kiarabu, Barack ni Kiebrania, kila gazeti na lake. Yeye mwenyewe kwenye hotuba ya 2004 kule Boston alisema ni jina la Kiafrika maana yake aliyebarikiwa. Na alilirithi tu kwa babake, Barack Hussein Obama mkubwa. Mtoto ameitwa jina la baba, mbona hiyo iwe ngumu?

Bibie wa Ng'ambo
Baraka ndo hiyo hiyo, mzizi ni wa Kiarabu, Kiswahili tumeishi nayo karne kadhaa. Wote walikuwa na kipande cha ukweli.

KalamuButu
Nimesoma toka juu nikaona niseme, maana mimi ndo niliekuwa naandika hizo makala. Miaka minne kwenye blogu ya udaku, jina lake silitaji. Kazi ilikuwa hivi. Habari ya mtoto inaingia saa tano usiku. Mpaka saa kumi na mbili asubuhi bosi anataka tatu, ya kwanza kazaliwa, ya pili jina, ya tatu "maana ya jina hilo itakushangaza". Hiyo ya tatu ndo inasomwa kuliko zote kwa sababu kila mtu ana jina na kila mtu anajiona mtaalamu wa majina.

Maana unaitoa wapi saa kumi usiku? Unaingia zile tovuti za majina ya watoto za Kizungu. Zimenakiliana zote. Moja ikikosea zimekosea mia. Huko ndo utakuta jina Nala limeandikwa ni la Kiswahili na maana yake zawadi. Nani kati yenu ashawahi kupewa nala siku ya harusi? Zawadi ni zawadi, au tunu, au hidaya. Mswahili wa Mombasa ukimwambia nala atajua unakula. Nililiandika hilo mimi, na jina langu chini, na mpaka leo naona aibu. Ukikosa maana kabisa unaandika "mashabiki wanaamini kwamba". Mashabiki gani? Wawili kwenye komenti. Kesho yake gazeti la mjini linachukua kutoka kwako, linaandika "inaaminika". Wiki ijayo mtangazaji anamuuliza staa mwenyewe, ni kweli jina la mwanao limetokana na kadhaa wa kadhaa? Na staa amechoka, anasema ndio.

Kisiki hajakosea sana.

Kisiki cha Mpingo
@KalamuButu umeniandikia uzi wangu vizuri kuliko mimi. Heshima mkuu, na kukiri hadharani sio kazi ndogo.

Kipepeo wa Usambara
Ila bado haitoshi. Kama staa anasema ndio kwa kuchoka, mbona wapo wanaobishana wao kwa wao? Tajiri Elon Musk na mwanamuziki Grimes, mtoto wao wa 4 Mei 2020, X Æ A-12. Mama akaandika ufafanuzi Twitter, X ni kile kisichojulikana kwenye hesabu, Æ ni akili bandia kwa tahajia ya kwake, A-12 ni ndege ya kijasusi iliyoitangulia SR-17. Baba akamjibu hapohapo mbele ya dunia nzima, ni SR-71. Mama wa watu katoka leba juzi! Halafu kutamka, baba anasema hiyo herufi ya kati ni Ash, mama anasema ni A.I. Wazazi wenyewe hawajaafikiana jina la mtoto wao linasomwaje, sisi tutaafikiana?

Wakili Kijana
Nimerudi. Na hilo sheria ilililazimisha kubadilika. California cheti cha kuzaliwa kinakubali herufi 26 za Kiingereza tu, namba hakuna, kwa hiyo 12 ikageuzwa kuwa Xii za Kirumi. Kwa hiyo kwenye kuchagua jina ongezeni na karani wa serikali, nae ana kura yake.

MamaHaiba
Karani! Usinikumbushe. Cheti cha mdogo wangu kilirudi na herufi moja pungufu, tumehangaika nacho mwaka mzima mara nenda mara rudi.

Lakini nilitaka kusema la mwanangu. Nimejifungua Machi 2012, nilikuwa nampenda sana Beyoncé nikamwita binti yangu Ivy. Mama mkwe wangu wa Pangani hakuweza. Aivi, akasema, jina gani hili la kupiga chafya. Siku ya akika, wakati ananyolewa, akampakata akasema mjukuu wangu huyu ni Haiba. Kuanzia pale ndo ikawa, mtaa mzima Haiba, na mimi nikawa mama Haiba mpaka kwenye vikoba. Siku hizi watu wanasema nimemwita Haiba kwa sababu alizaliwa mtulivu. Alikuwa analia usiku kucha yule!

Bibie wa Ng'ambo
Ya Rabbi, Ivy kuwa Haiba. Mama mkwe wako ana sikio la mshairi. Mungu amtunze.

Mulubumbashi
Bandugu jambo, miye niko Lubumbashi. Mumesahau Foreman. George Foreman, ule bondia alipigana na Ali kwetu Kinshasa 30 Oktoba 1974. Watoto wake wanaume watano wote aliwaita George. Watano! Na binti moja Georgetta. Magazeti ya Amerika yalisema ni majivuno. Yeye alieleza kwamba alitaka wakuwe na kitu kimoja chenye kinawaunganisha, moja akipanda wote wanapanda, moja akianguka wote wanaanguka. Na siku ingine alijibu kwa mzaha, kwamba mtu akishapigwa na Muhammad Ali na Joe Frazier na Ken Norton atakumbuka majina mangapi? Mtu moja, majibu mbili. Ya kweli ni gani? Miye naamini ya kwanza.

Na kwetu majina haikuwa mambo ya kuchagua. 1972 Mobutu alikatalia watu majina ya Kikristo, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Baba yangu alibatizwa jina la mtakatifu, ku makaratasi akawa na lingine, mama alimwita la kwanza mulango ikishafungwa.

FundiRedio
Dah, hiyo ya mlango kufungwa imenigusa.

Mswahili wa Leicester
Nami niko Uingereza, niongeze moja. Juni 2021 Harry na Meghan walimwita binti yao Lilibet, jina la utani la Malkia Elizabeth toka utotoni kwa sababu alikuwa hawezi kulitamka jina lake. Huku ilikuwa vita. BBC ikanukuu mtu wa ikulu kwamba Malkia hakuombwa ruhusa, upande wa Harry wakasema aliambiwa na angekataa wasingelitumia, mawakili wakaanza kuandika barua. Jina la mtoto mchanga wa siku chache! Mimi sijui nani mkweli, ninachojua bibi angeulizwa hadharani ingekwisha siku moja.

NyakwarRamogi
Huyo Malkia majina yake na Kenya yana historia. Februari 1952 alikuwa Nyeri babake alipofariki. Wakiwa Sagana Lodge akaulizwa atatawala kwa jina gani, maana wafalme hubadilisha. Akasema langu mwenyewe, kwani jingine la nini.

Gongolamboto Finest
Tunaenda Ulaya tu, rudini Tandale. Diamond Platnumz jina lake Naseeb, kazaliwa 2 Oktoba 1989. Tanasha Donna akamzalia mtoto tarehe hiyohiyo, 2 Oktoba 2019. Akaitwa nani? Naseeb Junior. Sasa hapo wapi mwandishi atatunga? Ila walitunga! Nilisoma mpaka kwamba tarehe ilipangwa.

Mzigua90
Na Tiffah alipozaliwa Agosti 2015 akapewa Dangote, watu wakaanza kuuliza undugu na tajiri wa Nigeria. Dangote lilikuwa jina la kujipa la baba yake, Chibu Dangote. Kwa hiyo mtoto karithi a.k.a. Kwangu mimi hilo ni jipya, babu zetu walirithisha jina, huyu karithisha sifa.

Bibie wa Ng'ambo
Na Naseeb ni Nasibu, fungu lako ulilopangiwa. Ndo maana tukasema bahati nasibu. Mama yake alipomwita hivyo hakuwa anajua chochote kuhusu muziki.

Kipepeo wa Usambara
Mimi theori yangu ni nyingine, mastaa wa sasa wanaogopa nyie waandishi wa udaku. Rihanna mtoto wake wa kwanza kazaliwa Mei 2022, jina halikujulikana karibu mwaka mzima mpaka gazeti lilipochomoa cheti cha kuzaliwa. RZA, jina la mtayarishaji wa kundi la hip hop la Wu-Tang Clan. Na baba wa mtoto, A$AP Rocky, jina lake halisi ni Rakim, nae alipewa la mwanamuziki Rakim. Nyumba ile wanarithishana wasanii kama wengine wanavyorithishana mashamba. Mdogo wake akaitwa Riot. Wote R, hata mama jina lake la kwanza Robyn. Wangeweza kutuambia wenyewe siku wakitaka. Cheti cha mtoto kimechomolewa kwa ajili ya kichwa cha habari, na hilo mimi linaniuma kuliko maana yoyote.

KalamuButu
Tungekipata sisi tungekitoa pia, sitakudanganya. Hakuna aliyekuwa anauliza kama ni sawa, swali lilikuwa nani anatoa kwanza.

FundiRedio
Naomba kurudi kwenye namba nne. Hakuna aliyenijibu Ivy.

Kisiki cha Mpingo
@FundiRedio hujajibiwa kwa sababu wenyewe hawajasema, na ukiendelea kurudia hapa mwaka kesho itaandikwa "inaaminika".

@MamaHaiba dada naomba nikuulize, cheti cha binti kinasemaje sasa, Ivy au Haiba?

MamaHaiba
Cheti ni Ivy mpaka leo. Bibi yake alishafariki. Juzi nimefungua madaftari ya shule, yote kaandika mwenyewe Haiba kwenye jalada, kwa wino wa rangi. Hatukumwambia afanye hivyo.